Kabla hujajenga kisiwani, uliza kiwanja ni cha nani



Huku kwetu Chiungutwa, hela ya mnada wa korosho ikishaingia, harusi zinafuatana na sisi mafundi hatulali. Mwaka huu, kati ya mabibi harusi tunaowashonea, yupo mmoja anayeolewa Kilwa Kisiwani. Alikuja kupimwa gauni, lakini muda mwingi aliutumia kutuuliza habari za nyumba. Mchumba wake amemwambia kuna kiwanja cha familia karibu na bahari, hakuna gari wala honi, watajenga pole pole. Yeye ana akiba yake ya miaka minne ya kuuza vitenge, na mahari inakuja. Anataka kuiweka yote kwenye kuta.

Tulimwambia asubiri kwanza, na tunawaambia na nyinyi, hasa mnaoolewa kwenye visiwa ambavyo gari haifiki. Si kwamba tunavichukia visiwa. Tumefika Kilwa Kisiwani, na tumefika mbali zaidi, Lamu, tulipokwenda kwenye Maulidi. Utulivu wa mji usio na magari ukishauonja unautamani. Adhana unaisikia kutoka kila upande, watoto wanacheza njiani bila mama kupiga kelele, na ukitoka kwa shoga yako usiku unarudi kwa mguu na baibui lako bila wasiwasi wa bodaboda. Lakini nyumba ya huko ina mambo yake, na la kwanza katika hayo halihusu saruji.

Tuanze na dada mmoja, mteja wetu wa zamani kutoka kijiji cha jirani. Jina lake tunalihifadhi, na kisiwa hatukitaji. Aliolewa kisiwani, akauza ekari zake mbili za mikorosho alizopewa na mama yake, akajenga na mumewe vyumba vitatu na baraza. Mume alikuwa mtu mwema, tunamshuhudia hilo. Alifariki mwaka wa saba wa ndoa. Dada akakaa eda yake ndani ya nyumba ile, miezi minne na siku kumi, na wakwe wakamhudumia vizuri. Eda ilipoisha wakamkalisha chini wakamweleza kwa upole kwamba kiwanja kile ni cha babu yao, urithi wake haujagawanywa tangu babu afariki, na marehemu hakuwa na sehemu yake peke yake. Kwa hiyo nyumba haikuwa ya marehemu. Na kama haikuwa ya marehemu, ile thumni yake ya mjane mwenye watoto itatoka wapi?

Hatuwezi kusema wakwe walimdhulumu kwa makusudi. Kwa upande wao walisema kweli, kiwanja kilikuwa cha watu wengi. Kosa lilifanyika miaka saba nyuma, siku tofali la kwanza lilipowekwa na hakuna aliyeuliza. Alirudi huku na watoto wawili, godoro, na cherehani yake. Kuta hazipandi mashua. Hata angekwenda kudai, hakuwa na karatasi moja ya kuonyesha kwamba zile ekari mbili ndizo zilizogeuka kuwa vyumba vitatu.

Ndiyo maana tunasema uliza kiwanja kabla ya kuuliza bei ya saruji. Visiwani viwanja vingi ni vya ukoo, na kisiwa ni kidogo, hakuna pa kusogea. Uliza mwenyewe wa kwanza alikuwa nani, amefariki au yu hai, na kama amefariki, mirathi iligawanywa mbele ya nani. Ukiambiwa "hiki ni chetu sote," fahamu kwamba hicho si chako. Kwa upande wa Tanzania Bara, kisiwa kilicho chini ya serikali ya kijiji kinafuata Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na sheria hiyo inamtambua mwanamke kuwa na haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Halmashauri ya kijiji inaweza kutoa hati ya hakimiliki ya kimila, na hati hiyo inaweza kuandikwa jina lako, au lako na la mumeo pamoja. Mwenyekiti wa kijiji haumi. Mwendeeni wote wawili, mkiwa na wazee wa mumeo, kabla ya msingi kuchimbwa. Anayeolewa Unguja, Pemba au Tumbatu ajue kwamba sheria za ardhi za Zanzibar ni zake peke yake, asichukue ya huku akadhani ni ile ile.

Tunajua mtakachosema, kwa sababu hata bibi harusi wetu alikisema: mume ataona simwamini, na mama mkwe ataona nimekuja na sheria mkononi.

Sasa hapa ndipo Lamu ilipotufungua macho. Mji Mkongwe wa Lamu uliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na watu wanausifu kwa milango ya nakshi, zidaka za ukutani na punda. Sisi kilichotushika ni kingine. Katika familia za kiungwana za Lamu, desturi ya zamani ilikuwa baba kumjengea binti yake nyumba, au kumpandishia ghorofa juu ya nyumba ya wazazi, au kumjengea upande wa pili wa uchochoro na kuziunganisha nyumba mbili kwa wikio, yaani chumba kinachopita juu ya njia. Binti akiolewa, mume ndiye aliyehamia kwake. Nyumba ilikuwa ya mke. Mume akiondoka au akifa, mke alibaki pale pale na watoto wake, kwenye kuta alizozijua tangu anazaliwa. Na hawa si watu wa dini nyepesi, huu ni mji wa misikiti na vyuo, wenye Msikiti wa Riyadha. Hakuna aliyeona kwamba nyumba ya mke ni kumdharau mume.

Na mbona tunakwenda Lamu kutafuta mfano? Sisi Wamakua, Wamakonde na Wayao wa Masasi na Newala tulikuwa hivyo hivyo. Babu zetu walihamia ukweni, ukoo ukahesabiwa kwa mama, na mwanamume alilima shamba la upande wa mkewe. Mambo yamebadilika, siku hizi binti wa Chiungutwa anafunga begi anakwenda kwa mume, na hatusemi ni vibaya. Tunachosema ni kwamba bibi zetu walikuwa na pa kurudi na pa kukaa, na sisi tumebeba kuhama bila kubeba ile kinga.

Dini yetu nayo iko wazi kuliko desturi. Mahari ni mali yako, soma Suratun Nisaa aya ya 4. Ulichokichuma ni chako, aya ya 32 ya sura hiyo hiyo. Makazi ni wajibu wa mume, na hata mwanamke aliyeachwa, makazi ya eda yake yametajwa katika Suratut Talaq. Maana yake mume akikupa pa kukaa pa heshima, hulazimiki kutoa hata senti yako kujenga. Ukitoa, ni hiari yako, na hapo ndipo mnatakiwa kusemezana: je, ni zawadi, ni mkopo, au ni ushirika? Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Mungu hakuona kwamba kuandikiana ni kukosa imani. Kwa hiyo shoga, mwambie mumeo kwa adabu, ukiwa umemtengea chai: "Baba, tuandike kabla hatujasahau." Mwanamume mwenye nia njema atatafuta kalamu.

Kuna na sheria ya nchi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inasema ndoa haimuondolei mtu umiliki wa mali yake, na nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenziwe. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Wanawake wengi wanaitaja kesi hii kwa furaha bila kujua kwamba Bi Hawa mwenyewe aliondoka mikono mitupu, kwa sababu mume alikwisha kumpa fedha za mtaji na mtaji ukapotea. Nasi tunaomtegemea hakimu tukumbuke kwamba hakimu naye hugawa kilicho cha wanandoa. Kiwanja cha babu hakigawi.

Haya, tuseme kiwanja kimepatikana na kimeandikwa. Sasa ndiyo saruji.

Mfuko wa saruji ukitoka Masasi kwenda Kilwa Kisiwani unapita Mnazi Mmoja, Lindi, Nangurukuru, mpaka Kilwa Masoko. Hapo unashushwa kwenye gari, unabebwa mpaka kwenye mashua, unavushwa, unashushwa tena, na kutoka ufukweni unakwenda kwa kichwa au toroli. Kila mkono unaougusa unalipwa. Maji yakiwa yamepwa mashua inasimama mbali, na mbebaji anatembea ndani ya maji na mfuko begani. Ukilowa, umenunua jiwe. Kwa hiyo bei mliyoisikia dukani msiipigie hesabu, ipigieni hesabu bei ya mfuko ukiwa mlangoni kwenu. Lamu ni hivyo hivyo, isipokuwa huko mzigo unapanda punda, na kuna hospitali maalumu ya punda kwa sababu bila wao mji hauendi.

Usikubali fundi achote mchanga wa pwani kwa sababu uko karibu na ni wa bure. Una chumvi, unakula nondo na kubanduа plasta. Mabati ya kawaida nayo upepo wa bahari unayamaliza mapema. Na mawe yaliyolala kwenye magofu msiyaguse kabisa. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu 1981, na sheria ya mambo ya kale inalinda mpaka kifusi chake. Lamu wamekaza zaidi, ndani ya mji mkongwe hata kubadilisha mlango au kuongeza ghorofa kunataka kibali. Na ukiwa Mtanzania unayeota nyumba ya Lamu, kumbuka kule wewe ni mgeni. Katiba ya Kenya ya 2010 inampa asiye raia kukodi ardhi kwa muda usiozidi miaka 99, hapewi umiliki wa milele.

Maji. Hapa wenzetu wa Newala wako mbele, maana uwanda wa Makonde umewafundisha kuvuna mvua bati kwa bati, mfereji kwa mfereji, mpaka kisimani. Kisiwani visima vingi vina chumvi, na kiangazi chumvi inazidi. Jengeni tangi la mvua kabla ya kujenga baraza. Tunajua baraza ndilo linaloonekana na wageni.

Halafu vipimo, na hapa tunasema kama mafundi. Nyumba za zamani za Lamu zinabeba dari kwa boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio upana wa chumba. Tulitoa futi yetu ya kushonea tukapima kimoja, hakikufika mita tatu. Vichochoro vingine watu wawili wanapishana kwa ubavu. Seti ya sofa ya watu saba na kabati la vioo havipiti, na kwenye mashua utalia. Bibi harusi wa kisiwani anunue kitanda kinachofunguka, kabati la vipande, na apeleke vipimo vya mlango kwa seremala. Mapazia yetu yanakunjwa, hayana tatizo.

La mwisho ni uzazi, na hili mama zako watakuuliza kabla ya sofa. Kisiwa kisicho na gari hakina gari la wagonjwa mlangoni kwako. Uchungu ukianza usiku na bahari imechafuka, unategemea mashua, nahodha na mafuta. Jueni mapema ni nani mwenye injini na namba yake iwe kwenye simu ya kila mtu nyumbani. Ukikaribia siku zako, vuka mapema ukakae kwa ndugu. Kwa upande wa Kilwa, hospitali ya Kinyonga iko Kivinje, na kutoka Masoko bado kuna safari ya barabara.

Bibi harusi wetu aliyasikiliza yote huku tumemchoma pini kiunoni. Wiki iliyofuata alirudi na mchumba wake. Kijana alikuwa mkimya, mwisho akasema hata yeye hajui kiwanja kile kiligawanywa lini, na kwamba baba yake mdogo ndiye mwenye kujua. Alimpigia simu pale pale kwenye benchi letu. Baba mdogo akasema kuna ndugu wawili wako Dar es Salaam, mpaka wakubali. Wamepanga kukutana baada ya Ijumaa, na akiba ya vitenge bado iko benki. Sisi gauni tumeshamaliza, limebaki kuweka vifungo.