Asili Yenu Imetoka Dukani

Nimechoka na mapolisi wa asili. Mwonyeshe mmoja wao kitambaa ulichofuma kwa mikono yako, hatauliza umekifanyaje. Atauliza, "Lakini hii ni ya Kiafrika kweli?" Na anauliza akiwa amevaa kitenge, nguo iliyotokana na Waholanzi kuiga batiki ya Java kwa mashine. Manze, kaa chini kwanza.

Kitambaa changu wanakishtaki kwa makosa mawili: kitanda ni cha misumari, uzi ni wa mitumba.

Tuanze na kitanda. Kitanda cha mfumi ndilo jina lake, liko kwenye kamusi, pamoja na mtande, zile nyuzi zinazotandwa kwanza, na mshindio, uzi unaopita kati yao. Lugha ya watu wasiofuma ingebeba maneno hayo ya nini? Changu ni fremu ya mbao, sentimita 40 kwa 60, misumari juu na chini kila nusu sentimita, imepigwa zigizaga mbao isipasuke. Rula ya shule inainua nyuzi, kitana kinashindilia. Basi.

Uzi ndio unawauma zaidi. Nanunua sweta kuukuu Gikomba, nafumua. Na msidhani ni kurarua tu. Unaipindua uangalie mshono wa ubavuni: ukiona imekatwa ikapigwa ovaloki, rudisha, utaambulia vipande vifupi vya uzi. Unataka ile iliyounganishwa bila kukatwa, ambayo ukipata ncha inafumuka mstari kwa mstari. Kisha unaosha uzi, unauanika na uzito chini ili mikunjo iishe. Uzi wa sweta huvutika, kwa hivyo mtande wangu ni wa pamba, sweta inaingia kama mshindio. Nikipita juu ya nyuzi mbili, chini ya mbili, na kusogea moja kila mstari, mshazari unatokea, kama ule wa jinzi. Ukivuta mshindio sana kitambaa kinashika kiuno kama nyigu, ndiyo maana unauacha na kilima kidogo kabla ya kushindilia. Akili yote iko hapa, na hapa mapolisi hawafiki.

Eti kufumua nguo ya mgeni si utamaduni. Mreno Duarte Barbosa aliandika, mwanzoni mwa karne ya 16, kuhusu watu wa Sofala, huko Msumbiji. Walifuma pamba yao nyeupe, na kwa vile hawakuwa na rangi, walichukua vitambaa vya rangi kutoka Cambay, India, wakavifumua, wakachanganya nyuzi hizo na zao, wakapata nguo mpya. Na iliwaletea dhahabu! Kilwa nako, wachimbuaji wa mambo ya kale wamepata vigae vya vyungu vilivyotobolewa katikati, vya kusokotea uzi. Chungu kimevunjika, kigae kimeingia kazini. Nani alisimama pale kuuliza kama ni halisi?

Mnachokilinda nyinyi ni nguo iliyokwisha kushonwa, ina lebo na bei. Kufuma kwenyewe hamkutaki, kunachosha mgongo. Ukitaka kujadili asili na mimi, njoo na uzi. Fremu ya pili iko ukutani haina kazi, na kuna sweta ya kijani imebaki mkono mmoja kufumuliwa.