Na Sisi wa Linux Twataka Santuri Yetu

Bwana Mhariri,

Katika gazeti letu la muhula uliopita, mwenzetu mmoja wa Kidato cha Tatu aliandika kwamba kompyuta za Linux zilizomo katika chumba chetu ni mabubu. Wengi walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu neno lile lina kweli nusu, na ile nusu nyingine hapana budi ijibiwe.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Hutolewa bure, na mtu yeyote aweza kuichungulia ndani na kuitengeneza. Ndiyo sababu shule yetu iliichukua. Kabla ya hapo mashine zetu zilikuwa na programu ya magendo, iliyoletwa kwa flashi isiyojulikana ilikotoka, na virusi vikala kazi zote za Kidato cha Nne waliotutangulia. Tangu tuhame, hayo hatujayaona tena.

Basi ububu ni upi? Wimbo ukiwa ndani ya mashine, Rhythmbox na VLC huupiga vizuri sana, wala hazidai hata senti. Taabu iko katika nyimbo zinazokaa kwa makampuni ya intaneti. Apple Music ina programu ya Windows, na ya simu za Android tangu mwaka 2015, lakini ya Linux hakuna. Lazima ufungue ukurasa wa intaneti. Spotify wanayo, ila wenyewe husema ni kazi ya mafundi wao wanaoifanya wakipata nafasi, wala kampuni haiitunzi rasmi. (Mafundi hao nawapa mkono.)

Mtu wa mjini atauliza, ukurasa una ubaya gani? Na aje huku kwetu. Simu haturuhusiwi, na bando la shule ni la kupimiwa. Mwezi uliopita kwaya ilikuwa ikijifunza wimbo wa mahafali kwa kuusikiliza katika ukurasa. Sauti ya tatu ndio kwanza walikuwa wanaushika, mara intaneti ikakatika, wimbo ukakwama katikati ya neno, na watu arobaini wakabaki vinywa wazi. Mwalimu wetu wa kwaya, ambaye namheshimu kama mzazi, alisema mashine zirudishiwe programu ya zamani kabla ya mahafali. Twajua maana yake: fedha za kuinunua kwa halali hazipo, kwa hiyo itarudi flashi ile ile.

Twataka, basi, programu ya muziki ya mezani kwa kweli, si ukurasa wa intaneti uliovishwa kanzu. Ihifadhi nyimbo tulizolipia ili zipigwe hata intaneti ikilala. Iweze kurudi nyuma kidogo kidogo, kwa ajili ya sauti ya tatu. Na iende katika mashine zenye kumbukumbu ya gigabaiti 2, maana zetu ndizo hizo.

Makampuni hujibu kwamba watu wa Linux ni wachache. Watakosaje kuwa wachache, ikiwa kila apendaye muziki hufukuzwa mlangoni? Tena Android yenyewe imejengwa juu ya kiini cha Linux. Mwalimu wa kompyuta amenisahihisha kwamba programu ya simu haihamishwi mezani kama kiti, nami nakubali; lakini hao si wageni kabisa katika nyumba hii.

Kwa sasa namwomba Mwalimu wa kwaya atuvumilie majuma mawili. Mimi na wenzangu wawili twatafuta nyimbo za mahafali kwa wale wanaoziuza kama faili, tuzitie katika Rhythmbox, katika mashine namba sita, ile yenye spika nzima.

Mwanakwaya,
Kidato cha Nne