Vijana wa Kisiki Hai hawahitaji semina nyingine, wanahitaji kukaa pamoja

Leo siandiki kuhusu mbolea wala kiwavijeshi. Naandika kuhusu vijana wanaobeba elimu ya kilimo na mazingira na kuipeleka kwa majirani zao, wale tunaowaita wahamasishaji. Wanatuacha mmoja mmoja, na sisi kila wakipungua tunaandaa semina nyingine.

Nichukue mfano wa Kisiki Hai, maana huku Dodoma ndiyo kazi inayofahamika zaidi. Kwa asiyeijua: mti uliokatwa shambani mara nyingi haujafa, mizizi yake iko hai na kila mwaka unatoa machipukizi. Unachagua kisiki, unabakiza machipukizi machache yenye afya, mengine unayaondoa, unapogolea matawi ya chini, unafunga kitambaa kama alama ili watu wajue kinatunzwa, kisha unakilinda. Huhitaji kununua miche wala kumwagilia. Elimu yenyewe inafundishika kwa siku moja.

Ugumu uko kwenye hilo neno la mwisho, kulinda. Kijana anafunga vitambaa mwezi wa saba. Mwezi wa tisa mifugo imeingia kula mabua na imevunja nusu ya machipukizi. Yaliyobaki, mtu amekata fito za kujengea banda. Isitoshe, shamba si lake. Ni la baba, au la baba mkubwa, na huyo mzee hakuombwa ruhusa, alijulishwa tu. Kijana akisimama kwenye mkutano wa kijiji kulalamika, anaulizwa yeye ana ekari ngapi. Watu wanacheka. Anakaa.

Baada ya miaka miwili ya namna hiyo, kijana hajasahau jinsi ya kupogolea. Amesahau kwa nini anapogolea. Hapo ndipo sisi tunamwita semina ya siku mbili, tunamwonyesha tena jinsi ya kupogolea, tunampa posho na fulana mpya, tunampiga picha. Kwa maoni yangu hiyo ni dawa ya ugonjwa asio nao.

Mwaka 1983, kule Maradi nchini Niger, Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, alikuwa karibu kukata tamaa kwa sababu miche mingi aliyokuwa akipanda na wanakijiji ilikufa. Ndipo akatambua kwamba vichaka alivyokuwa akivipita kila siku jangwani ni visiki vinavyochipua. Wakulima wa kwanza waliokubali kujaribu walikuwa kama kumi tu. Walichekwa, na miti yao ikaibwa kwa kuni. Baadaye njia hiyo ilienea Niger kwenye eneo la takriban hekta milioni 5 ndani ya miaka 20. Hizo hekta ndizo tunazozitaja kwenye kila semina. Wale kumi waliochekwa hatuwataji, na kijana wa kijijini kwetu anahitaji zaidi kusikia habari zao, kwa sababu yuko mahali walipokuwa.

Kwa hiyo ninapendekeza nini? Kikao. Vijana wanane hadi kumi na wawili kutoka vijiji jirani, mara moja kwa mwezi, chini ya mti wowote wenye kivuli, saa mbili zinatosha. Wala si jambo geni. Sote tunalijua shamba darasa, lililoanza kwenye mpunga kule Indonesia mwaka 1989. Wakulima wanaingia shambani kila wiki, wanaangalia mmea, wadudu, udongo, wanachora walichokiona, wanajadili, wanaamua. Tumezoea kuuchunguza mmea kwa utaratibu huo. Mhamasishaji hatumchunguzi, wala hatumpi nafasi ya kuichunguza kazi yake mwenyewe.

Maswali ninayopenda vijana waulizane ni matatu. Mwezi huu umeona nini? Nani alikukatalia, na alisema nini hasa? Mwezi ujao utamfuata nani? La kwanza na la tatu ni mepesi. La pili ndilo linalobeba kikao.

Mwanzoni kila kijana atajibu kwa mkato: "Wazee wagumu." Mwenyekiti asikubali jibu hilo. Amwombe kijana arudie maneno ya mzee kama yalivyosemwa. Katika kikao kimoja nilichohudhuria, kijana aliyedai kwamba jirani yake ni mbishi tu aliporudia maneno yake, ikaonekana mzee huyo alisema miti shambani inaleta ndege. Mzee analima uwele. Mwenye kulima uwele au mtama huku anaijua kwelea kwelea, na anajua nani anashinda shambani kuwafukuza. Huo si ubishi, ni hesabu. Kijana wa kijiji kingine akasema kwake walikubaliana na mkulima waanze mpakani na kwenye makorongo, mbali na mtama, na miti ya ndani waiache michache na kuipogolea juu. Yule wa kwanza aliondoka na kitu cha kumwambia jirani. La maana zaidi, aliondoka akijua kwamba hakukataliwa yeye, lilikataliwa pendekezo lisilowajali ndege.

Faida hiyo hukuti kwenye mwongozo wowote. Kijana aliye peke yake hupokea kila "hapana" kama hukumu juu yake. Akiiweka mbele ya wenzake kumi waliopata "hapana" za aina hiyo hiyo, inageuka kuwa kazi ya kufanya. Na wakimaliza kuzungumza, waende watembelee shamba la mmoja wao. Kisiki cha miaka mitatu kilichofika juu ya kichwa cha mtu kinaongea kuliko mimi.

Najua hoja ya upande wa pili: vijana hawana kipato, kikao bila posho hawaji. Ni kweli kwamba hawana kipato, na anayewaambia wajitolee tu milele hawatendei haki. Ila posho ya kikao inakiua kikao, kwa sababu siku mradi ukifungwa nacho kinafungwa. Afadhali waweke hisa ndogo ndogo kwa mtindo wa VICOBA, wakopeshane, wafuge kuku au nyuki. Sharti langu ni moja: mazungumzo kwanza, fedha baadaye. Nimeona vikundi vinavyoanza na daftari la hisa. Saa zote mbili zinaishia kwenye marejesho.

Kuhusu wazee, wasiachwe nje. Shinyanga, mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 ulifufua ngitili kwa kutegemea utaratibu wa Wasukuma wenyewe, ikiwemo dagashida, baraza la jamii linalotunga na kusimamia sheria za kimila. Mimi ningemwalika mzee mmoja kila baada ya vikao viwili, hasa yule aliyekataa, aje aeleze sababu zake. Asiwe mwenyekiti. Na sisi maofisa ugani tukae nyuma. Tunapenda sana kushika chaki.

Siku ya kikao isigongane na mnada, vinginevyo utabaki na watu watatu. Muda uwafae wasichana pia. Ukianza saa kumi jioni umewatoa, wako kisimani. Msichana akiolewa akahamia kijiji kingine, msimfute kwenye orodha. Muulizeni kama huko kuna mtu mmoja wa kukaa naye, maana anaweza kuanzisha kikao kingine.

Wakati mzuri wa kuanza ni sasa, mazao yakiwa ghalani na mvua ikiwa bado mbali. Mkutano mkuu wa kijiji unaitishwa kila miezi mitatu. Mkianza mwezi huu, mtakuwa mmekaa mara mbili au tatu kabla ya kusimama pale mbele ya watu, na mtasimama mkiwa wengi.