Ramani ya Mafuriko Isimsahau Mwenye Nyumba



Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam, Mto Msimbazi ukafurika, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha jijini. Wakati ule mitaa mingi ya mabondeni haikuwa na ramani ya kuaminika ya nyumba na mifereji yake. Utamwokoaje mtu usiyejua anaishi wapi?

Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi waliingia mitaa kama Tandale, wakishirikiana na wakazi kuchora nyumba, njia na mifereji. Ndege zisizo na rubani zilipiga picha kutoka angani, na wenyeji wakaonyesha maji yalipofika. Takwimu hizo zikiingizwa kwenye programu ya kompyuta kama InaSAFE, tunapata makadirio ya nyumba na watu watakaoathirika mto ukifurika tena. Viongozi wanaweza kuzibua mifereji na kuandaa mahali pa kukimbilia kabla ya mvua.

Wapo waamini wanaosema hiyo ni kazi ya wataalamu, yetu ni kusali na kugawa nguo baada ya mafuriko. Sikubaliani nao. Kumjali jirani kabla hajafikwa na maji nako ni upendo.

Lakini falsafa inatufundisha kutofautisha kilichopo na kinachopaswa kuwa. Kompyuta itasema nyumba hii iko hatarini. Haitasema mwenye nyumba aende wapi. Baada ya mafuriko ya 2011 familia zilipewa viwanja Mabwepande, mbali na katikati ya jiji. Kwa mama anayeuza samaki Kariakoo, kiwanja cha mbali kinaweza kumwokoa na maji kikamwachia njaa. Ramani aliyosaidia kuichora isigeuke hati ya kumhamisha bila kumsikiliza.

Hapa Jumuiya Ndogo Ndogo zina nafasi yake. Sisi tunasali nyumba kwa nyumba. Tunamjua mgonjwa asiyetoka kitandani na bibi anayelea wajukuu peke yake. Kwa ridhaa yao, tupeleke habari hizo serikali ya mtaa, na mkutano wa mtaa ukiitishwa, twende tukawasemee.

Kabla ya masika, jumuiya yako ijiulize: maji yakija usiku, nani atambeba asiyeweza kutembea?