Mvua, tope na kikombe nisichostahili

Leo tuache kidogo habari za seva na programu, ingawa mtaona mwishowe tumerudi palepale. Kando ya tarakilishi yangu kuna kikombe kidogo. Nilikipata Jumapili kwa kushika nafasi ya tatu katika mashindano ya autokrosi ya madereva wa ridhaa. Kila nikikitazama naona haya, na nataka niwaeleze kwa nini.

Kwa asiyeujua mchezo huu: autokrosi si kufukuzana. Gari moja huingia peke yake kwenye njia fupi yenye kona nyingi, hupimwa kwa saa, kisha hutoka na kumpisha mwingine. Kule Marekani wengi hukimbia juu ya lami, katika maegesho yaliyopangwa koni. Sisi Kenya hukimbia kwenye udongo. Jua likiwaka tunakula vumbi. Mvua ikinyesha, basi tena!

Siku hiyo tulikuwa magari 20. Kila dereva alipewa mizunguko miwili, na ule bora ndio uliohesabiwa. Nambari za kuanzia tuliokota kwenye kofia. Mimi nikapata 3. Dada mmoja mekanika, mwenye Toyota Starlet aliyoiunda upya kwa mikono yake, akapata 18.

Nilikimbia njia ikiwa kavu, nikamaliza kwa sekunde 74.62. Gari la sita likiwa mstarini, mvua ikashuka kwa kishindo. Udongo wa pale ni ule mweusi unaonata, ambao mafundi wa ujenzi huulaani kwa sababu huvimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Ukilowa hujaza mitaro ya tairi hadi tairi linakuwa laini kama mche wa sabuni. Zamu ya yule dada ilipofika, magari 17 yalikuwa yamekwisha kuichimba njia. Akapata sekunde 82.40.

Mzunguko wa pili ulikuwa tope tupu. Kwenye kona ya kwanza nilikanyaga breki pale pale nilipokanyaga mwanzo, na gari likaendelea na safari yake kana kwamba halinijui. Hesabu yake si ngumu: mshiko wa tairi ukipungua nusu, umbali wa kusimama huwa maradufu. Nililijua hilo darasani, lakini mguu wangu ulikuwa haujalijua bado. Nikamaliza kwa 88.10. Dada yule alipita baadaye sana, kwenye mitaro mirefu kuliko niliyoikuta mimi, akamaliza kwa 86.75. Alikanyaga breki mapema, akaacha gia ya pili ifanye kazi, wala hakupigana na usukani.

Matokeo yakatoka: mimi wa tatu, yeye wa nne. Ile 74.62 ya ukavuni iliniokoa.

Sasa, saa yetu ni ya umeme, inapima hadi sehemu ya mia ya sekunde, na sina shaka nayo hata kidogo. Shida ni kwamba tuliziweka kwenye orodha moja namba za njia mbili tofauti, halafu tukazipanga kana kwamba ni za njia moja. Tarakimu mbili baada ya nukta ziliifanya orodha ionekane ya kisayansi. Kwa kweli ilikuwa inapima nani aliokota nambari gani kwenye kofia.

Wenzangu waandishi wa programu wanaijua shida hii. Ukitaka kujua ipi kati ya programu mbili ina kasi zaidi, huwezi kuijaribu A asubuhi mashine ikiwa tulivu, na B jioni mashine ikiwa imelemewa. Unazijaribu A, B, kisha B, A, halafu unajumlisha. Kama mashine inazidi kuchoka polepole, uchovu huo unagawanywa sawa.

Pendekezo langu kwa autokrosi ni hilo hilo. Mzunguko wa pili ugeuzwe, aliyeanza awe wa mwisho, na tuhesabu jumla ya mizunguko miwili badala ya ule bora. Kwa magari 20, aliyekimbia wa 3 atakimbia tena wa 38. Aliyekimbia wa 18 atakimbia tena wa 23. Jumlisheni: wote 41. Jaribuni na nambari yoyote, jibu ni 41. Na yote mawili yafanywe pamoja. Tungejumlisha tu bila kugeuza, mimi ningeshinda bado, 162.72 kwa 169.15.

Najua tope halizidi kwa kipimo sawa kila gari likipita, na mvua haina ratiba. Mpango huu hautafuta bahati yote. Pia dereva wa mwisho atalazimika kukimbia mara mbili mfululizo, kwa hiyo lazima pawe na mapumziko katikati, na wanaotumia gari moja kwa zamu watapangwa wasikaribiane. Hiyo ni kazi ya kuandika ratiba vizuri, na nimejitolea kuandika programu ya kuipanga.

Mzee mmoja pale uwanjani aliniambia, "Kijana, mvua ni sehemu ya mchezo. Kumbuka Safari Rally." Nakumbuka, mzee wangu. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari 7 tu yaliyofika mwisho, na hakuna anayesema mvua ile iliharibu mashindano. Ndiyo maana sisemi tuahirishe. Lakini Safari ya enzi hizo ilikuwa maelfu ya kilomita kwa siku kadhaa; bahati mbaya ya Jumamosi ingeweza kulipwa Jumapili. Sisi tuna dakika moja na ushei. Bahati yetu haina muda wa kusawazika, basi ni juu yetu kuisawazisha.

Jumatatu nilimpelekea yule dada kikombe gereji. Alikuwa chini ya gari, akatoa kichwa, akakitazama, akacheka. "Kaka, rudi nacho. Sitaki kikombe chako, nataka kukimbia njia yako."

Nimeiandika barua kwa waandalizi, na mfano wa ratiba nimeuambatanisha. Kama wewe pia hushindana, iwe kwa magari, pikipiki au baiskeli kwenye udongo, nawe peleka hoja hii kwa waandalizi wako kabla ya masika. Mkishaanza kunyeshewa, kila mtu atakuwa anatetea nambari yake.

Haya, tuonane wiki ijayo.