Pembe Mraba na Hofu ya Istilahi

Kumekuwa na dhana iliyokita mizizi miongoni mwa wasomi wa Kenya, wakiwemo baadhi ya wapenzi wa Kiswahili wenyewe, kwamba lugha hii ni ya mashairi na hotuba ilhali hisabati ni mali ya Kiingereza. Dhana hiyo yafaa ipimwe kwa somo halisi, si kwa kaulimbiu.

Mwanafunzi wa sekondari amepewa mstari ambao mlinganyo wake ni y = 2x − 1. Atakiwa kutafuta mlinganyo wa mstari mwingine unaoukata huo kwa pembe mraba na kupitia nukta (4, 2). Kanuni aliyokaririshwa yasema: pindua mteremko, kisha ubadilishe alama; hivyo 2 huwa −1/2. Kwa nini? Hapo ndipo lugha isiyoeleweka vyema humwacha mtu na kanuni tupu mkononi.

Kwa Kiswahili, sababu yenyewe haina ugumu. Aufuataye mstari wa kwanza, kila apigapo hatua moja kulia hupanda mbili. Mwendo huo ukizungushwa robo ya mzunguko, kulia huwa juu na juu huwa kushoto. Sasa anapanda hatua moja huku akienda mbili kushoto, na kushoto ni hasi: mteremko ni −1/2. Ndiyo maana miteremko hiyo miwili ikizidishwa hutoa −1. Kilichosalia ni kazi ndogo: y − 2 = −1/2(x − 4), yaani x + 2y = 8. Mistari hiyo hukutana katika nukta (2, 3).

Kanuni hiyo ina mpaka wake. Mstari wa mlalo una mteremko 0, nao wa wima hauna mteremko kabisa, kwa hiyo hapana cha kuzidisha. Ajabu ni kwamba hiyo ndiyo pembe mraba aijuaye zaidi fundi mwashi, mwenye pima maji na timazi.

Watasema neno 'mteremko' lina kasoro, kwani mstari wenye 2 hupanda. Ni kweli, lakini pingamizi hilo ni jepesi. Istilahi hupata maana yake kwa kutumiwa. Shule za msingi za serikali nchini Tanzania hufundisha hisabati kwa Kiswahili, na tangu 1990 TUKI imekwisha kutoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Maneno yapo. Wanaokosekana ni watumiaji, na lawama haiwaangukii walimu wa hisabati peke yao. Idara za Kiswahili zimejaa tasnifu kuhusu riwaya na ushairi. Anayejitosa kuandika kuhusu lugha ya jometri ni nadra, na pengine huulizwa kama hajapotea idara.