Kiharusi: Ni Mshipa Upi?

Mtu akibisha kwa ukali tunasema ametoa mishipa ya shingo. Usemi huo una anatomia ndani yake. Mishipa inayomvimba mbishi ni vena, yaani njia za kurudisha damu moyoni: anapokaza kifua ili apaze sauti, damu hushindwa kushuka upesi, ikajaa shingoni hadi tukaiona. Ateri zinazopandisha damu ubongoni zimelala ndani zaidi na hazimtoki mtu hata akasirike vipi. Ukizitaka, weka vidole viwili kando ya koo usikilize pigo. Lakini sisi zote tunaziita mishipa. Neva nazo tumeziita mishipa ya fahamu, kano iliyovutika tunasema mshipa umeteguka, na hata ngiri na busha, kwa adabu ya lugha, huitwa mshipa. Katika mazungumzo ya barazani hakuna hasara. Hasara inaanza siku mtu anapoamka mdomo umekwenda upande na mkono haunyanyuki, jamaa wakakubaliana kwamba “mshipa umekufa”, na kila mmoja akafahamu mshipa wake. Naamini kuchanganya huku kunatugharimu watu, na kwamba ramani ya damu ya kichwani inapaswa kuwa elimu ya kila mtu, kama tulivyofanya mbu na malaria kuwa elimu ya kila mtu.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Kwa mtu mzima hupitiwa na takriban robo tatu ya lita ya damu kila dakika, hesabu ambayo kwa siku moja inazidi madumu 50 ya lita 20. Ulaji huo mkubwa hauna ghala. Msuli huweza kuhimili kwa muda bila damu mpya, ila ubongo ukikatiwa damu kabisa mtu hupoteza fahamu ndani ya sekunde kama 10. Damu hiyo hupandishwa na ateri nne: karotidi mbili upande wa mbele wa shingo, na nyingine mbili zinazopita katika matundu ya pingili za shingo upande wa nyuma. Zikifika chini ya ubongo huunganishwa na vijiateri vinavyofanya duara, ambalo Mwingereza Thomas Willis alilieleza mwaka 1664 katika kitabu kilichochorwa kwa sehemu na Christopher Wren, yule yule msanifu wa kanisa kuu la St Paul's la London. Willis alieleza pia maiti ya mtu ambaye karotidi yake moja ilikuwa imeziba ilhali maishani hakupooza, kwa kuwa njia nyingine ilipanuka ikabeba mzigo.

Hapo ndipo wengine hupata faraja: kama Muumba ametuwekea duara la akiba, hofu ya nini? Faraja hiyo ni nusu. Kwanza, duara lililokamilika kama linavyochorwa vitabuni halipo kwa watu wengi. Kwa mmoja kiungo kimoja ni chembamba kama uzi, kwa mwingine hakipo kabisa. Pili, akiba hiyo ipo kwenye mizizi tu, na kiharusi kingi hutokea matawini. Ateri ya kati ya ubongo, iliyo kubwa kuliko matawi yote, hulisha sehemu zinazoamrisha uso na mkono, na upande wa kushoto, kwa watu walio wengi, hulisha pia sehemu ya usemi. Ndiyo maana dalili tunazohimizwa kuzikariri ni mdomo kupinda, mkono kulegea na ulimi kuwa mzito. Kisha, kutoka kwenye ateri hiyo pana huchomoza vijiateri vidogo mno, vifupi, vinavyopanda moja kwa moja kuingia kilindini. Kwa kuwa vimetoka kwenye mto mkubwa bila kupitia vijito vya kati, hupigwa na msukumo wa damu karibu wote. Presha ya miaka mingi huvinenepesha kuta, vingine vikaziba, vingine vikapasuka. Na huko kilindini nyuzi zote za kuendesha upande mzima wa mwili hupita zimebanana katika njia nyembamba, hivyo jeraha la ukubwa wa punje ya kunde linaweza kulaza mkono na mguu kwa pamoja.

Ukiishika ramani hiyo, mambo kadhaa tuliyoyazoea yanaanza kuonekana si ya maana. Mkono uliopooza unakandwa kwa mafuta na maji ya moto tangu asubuhi ya kwanza, ilhali mkono hauna ugonjwa. Ugonjwa umo kichwani, tena upande wa pili. Sidharau kukanda. Mazoezi ya viungo yana nafasi kubwa katika siku na miezi inayofuata, lakini hayafungui ateri iliyoziba. Mtafiti Jeffrey Saver alipiga hesabu mwaka 2006 kwamba ateri kubwa ya ubongo ikiziba, seli za neva zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa kwa kawaida ndani ya saa nne na nusu tangu dalili kuanza, na haitolewi kabla ya picha ya kichwa kuthibitisha kwamba hakuna ateri iliyopasuka, kwa sababu dawa hiyo hiyo inayomwokoa aliyeziba inaweza kumuua anayevuja. Hivi ni viharusi viwili tofauti kabisa, na kwa jina letu moja havitengeki.

Kipo na cha tatu, ambacho hata magazeti yetu hukisahau, nacho ni cha upande wa mabomba ya kutoa. Damu ikishatumika hukusanyika katika vena za juu ya ubongo, humiminika katika mifereji iliyo ndani ya utando mgumu unaobandikana na fuvu, mmoja wao ukipita utosini kutoka mbele kwenda nyuma, kisha hushuka nyuma ya masikio hadi vena kubwa za shingo. Mifereji hii haina vali. Ndiyo inayopokea pia sehemu ya maji yanayouzunguka ubongo, na mmoja wao, ulio nyuma ya macho, unawasiliana na vena za usoni, jambo linalowafanya madaktari kukunja uso wakimwona mtu akitumbua jipu la puani. Damu ikiganda humo, ubongo hauishiwi damu inayoingia, hufurika isiyotoka. Dalili huja polepole, pengine kwa siku kadhaa: kichwa kisichotulia, macho kufifia, degedege. Wanaopatwa zaidi ni vijana, hasa wanawake, na wiki za baada ya kujifungua ni miongoni mwa nyakati za hatari. Cha ajabu ni kwamba dawa za kuzuia damu kuganda hutolewa hapa hata pale picha inapoonyesha damu imevujia kwenye ubongo, kinyume na inavyokuwa ateri ikipasuka. Kwa hiyo ateri au vena si swali la walimu wa baiolojia peke yao. Mzazi anayelalamika kichwa akaambiwa ni uchovu wa kunyonyesha, naye ana haki ya kuulizwa swali hilo.

Nitaambiwa kwamba watu hawafi kwa kukosa msamiati, wanakufa kwa kukosa nauli, daktari na mashine ya kupiga picha. Ni kweli kwamba mashine ni chache na zimejazana mijini, na makala hii haitamfikisha hospitalini mgonjwa wa wilaya ya mbali kama Kaliua. Lakini umbali hauelezi kila kitu. Utafiti wa Tanzania uliochapishwa mwaka 2008 ulilinganisha watu wa Dar es Salaam na wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Waliokuwa jijini, karibu na hospitali kubwa, ndio waliokihusisha kiharusi zaidi na majini na uchawi. Wa Hai vijijini walitaja zaidi sababu za kawaida za mwili. Na jijini ndiko ugonjwa ulikokuwa mwingi: utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2010, ulikadiria wagonjwa wapya 315.9 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka Dar es Salaam, dhidi ya 108.6 huko Hai. Barabara peke yake, basi, haibadilishi maelezo yaliyomo kichwani mwa mtu. Tena mashine ya kupimia presha si mashine ya mamilioni, nayo ndiyo inayovihusu vile vijiateri vya kilindini kuliko kitu kingine chochote.

Wapo pia wanaoona maneno kama ateri na vena ni ya kizungu, yatamchosha msomaji. Msomaji huyo huyo anajua gia, kabureta na betri, na fundi akimwambia “kuna waya umekatika” humuuliza upi. Maneno yapo kwetu tangu zamani. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilichapisha Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Wala tusidhani kiharusi ni habari ya wazee pekee, kwani mtoto mwenye selimundu anaweza kukipata akiwa darasa la pili, karotidi zake zikiwa zimesinyaa ndani ya fuvu. Naanza na wenzangu wa chumba cha habari. Mhariri akiletewa taarifa kwamba fulani amefariki baada ya “kupasuka mshipa wa kichwa”, asiipitishe kabla ya kumuuliza mwandishi wake: mshipa upi, na presha ya marehemu ilipimwa lini mara ya mwisho?